Kulehemu kazi ndogo macho yanapopungua nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya fundi wa elektroniki aliyekuwa akilehemu IC (chipu) ya miguu 64 bila wasiwasi, na sasa bodi ileile anaiona kama imepakwa mafuta. Yanafuata mpangilio tunaouamini: umbali kwanza, mwanga wa pili, ukuzaji mwishoni. Wengi huanzia mwisho. Hununua hadubini, kisha huitumia kwenye meza yenye giza, na wanashangaa kwamba hali haijabadilika.

Mbali naona vizuri kabisa. Mbona miguu ya IC imekuwa ukungu?

Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadili umbo. Hutuna ili tuone kitu cha karibu, na hurudi kuwa bapa tunapotazama mbali. Umri unavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa na haiwezi tena kutuna vya kutosha. Mtoto wa miaka 10 anaona sawasawa kitu kilicho sentimita 7 hivi kutoka jichoni. Watu wengi huanza kusumbuka kati ya miaka 40 na 45. Kwenye miaka 50, umbali wa karibu kabisa wa kuona bila miwani huwa umefika kama nusu mita, na kwenye 60 uwezo huo umebaki mdogo sana.

Fundi hugundua mapema kuliko wenzake. Msomaji wa gazeti hulishika sentimita 40 kutoka usoni, lakini anayelehemu huinama hadi sentimita 20 au 25. Kwa hiyo hata mtu anayesoma bila miwani anaweza kushindwa na rezista ya milimita moja.

Je, kazi yenyewe ndiyo imeniharibia macho? Na nikivaa miwani si yatazoea?

Hapana kwa yote mawili. Kutazama karibu huchosha misuli ya jicho na kukausha macho, lakini si chanzo cha lenzi ya mtu mzima kukakamaa. Miwani nayo haiharakishi chochote. Kinachotokea ni kwamba ukishaonja kuona vizuri, ukungu uliokuwa ukiuvumilia unaanza kukukera. Na namba ya miwani itaendelea kupanda kwa miaka kadhaa, uivae usiivae.

Nichague miwani ya kusomea ya namba ngapi?

Usianze na namba, anza na futi ya kupimia. Kaa mezani kama unavyokaa ukifanya kazi, mgongo umenyooka, chuma cha kulehemia mkononi. Mtu mwingine apime kutoka kwenye kona ya jicho lako hadi kwenye bodi. Huo ndio umbali wako wa kazi.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni rahisi: gawa 100 kwa umbali wa kazi kwa sentimita. Kwa sentimita 50 unapata +2.00, kwa 40 ni +2.50, kwa 33 ni +3.00, kwa 25 ni +4.00. Hiyo ni kwa jicho linaloona mbali bila tatizo na ambalo halina tena uwezo wake wa kutuna. Ukiwa na miaka 45 bado unao uwezo kidogo, kwa hiyo namba pungufu kwa 1.00 au zaidi inaweza kukutosha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba miwani yenye nguvu zaidi haikuongezei tu ukubwa wa kitu, inakusogeza pia karibu na kazi. Aliyevaa +4.00 hawezi kukaa sentimita 40 kutoka kwenye bodi. Kila kitu kitakuwa ukungu hadi ainame. Ndiyo maana wengi huilaumu miwani kwa maumivu ya shingo ilhali wamenunua namba isiyolingana na meza yao.

Miwani iliyo tayari ya dukani ina namba moja kwa macho yote mawili. Ikiwa macho yako yanatofautiana, au una astigmatizimu, yaani mistari ya mwelekeo mmoja inaonekana kali na ya mwelekeo mwingine imetawanyika, miwani hiyo haitakusaidia sana. Dalili mojawapo ni kuona miguu ya upande mmoja wa IC vizuri huku ile ya upande wa pembeni ikiwa na kivuli, na ukizungusha bodi robo duara mambo yanageuka. Hapo nenda kwa mpima macho na umpe umbali uliopima. Mwambie unataka miwani ya umbali huo tu, si ya kila kitu.

Zaidi ya +3.50 au +4.00 kwa macho mawili kuna kikwazo kingine: macho hulazimika kujipinda ndani sana ili yakutane kwenye kitu cha karibu, na kichwa huanza kuuma. Lenzi za nguvu hiyo zinahitaji kuwa na prizimu ya kupunguza kazi hiyo. Zipo, lakini huenda ukahitaji kuziagiza.

Mimi sioni mbali tangu utotoni. Je, hesabu ni ileile?

Wewe una bahati katika kazi hii. Mwenye miwani ya −3.00 akiivua anaona sawasawa kwa sentimita 33 bila msaada wowote, na mwenye −5.00 kwa sentimita 20. Ivue, kisha uvae miwani ya usalama isiyo na namba, kwa sababu flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, hurukaruka hata kwako.

Miwani yangu ni ya sehemu mbili, juu mbali na chini karibu. Mbona shingo inaniuma?

Kwa sababu sehemu ya karibu iko chini kabisa. Ili utazame bodi kupitia hapo unainua kidevu na kuvunja shingo nyuma, kwa saa nzima. Miwani ya kubadilika taratibu, isiyo na mstari, ni mbaya zaidi kwa kazi hii: eneo lake la karibu ni jembamba, na ukisogeza macho pembeni picha inapinda. Tumia hiyo barabarani. Mezani weka miwani ya namba moja, na isitoke mezani.

Nahitaji mwanga kiasi gani?

Zaidi ya unavyodhani. Mboni hupungua upana kadiri umri unavyoongezeka, na lenzi ya jicho hugeuka manjano na kumeza sehemu ya mwanga. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20 katika chumba kilekile. Mwanga uliokutosha ujanani haukutoshi sasa hata kama miwani yako ni sahihi kabisa.

Kiwango cha IPC-A-610, kinachotumika viwandani kukagua bodi, kinapendekeza angalau laksi 1000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) juu ya meza ya kazi. Taa ya darini ya nyumba ya kawaida haikaribii hapo. Dawa si kununua taa kubwa ya darini bali kuisogeza taa karibu: ukiishusha kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwanga juu ya bodi huongezeka kama mara 4.

Mwanga mwingi una faida nyingine ambayo watu huisahau. Mboni ikibana, kina cha kuona vizuri huongezeka, sawa na kamera iliyofungwa tundu lake. Hivyo mwanga peke yake unaweza kukurudishia sehemu ya ulichodhani ni kazi ya lenzi. Kabla hujatumia pesa kwenye kitu kingine chochote, weka taa ya LED yenye shingo ya kupinda sentimita 30 juu ya bodi na ujaribu tena kazi iliyokushinda jana.

Kwa rangi ya mwanga, chagua kati ya kelvini 4000 na 5000. Kwenye kasha la taa tafuta pia kipimo cha uaminifu wa rangi (CRI), kiwe 90 au zaidi. Taa za LED duni hufanya kahawia, nyekundu na machungwa zifanane, na mistari ya rezista ina zote tatu.

Usikae kwenye chumba cheusi chenye taa moja kali mezani. Kila ukiinua macho mboni inafunguka, ukirudi inafunga, na baada ya saa moja umechoka. Acha taa ya chumba ikiwaka kwa kiasi.

Mwanga ni mwingi lakini sasa kila kitu kinang'aa na sioni kitu.

Lehemu iliyoyeyuka ni kioo. Taa moja kali juu yake hujiakisi moja kwa moja jichoni, na doa hilo jeupe hufunika mahali unapotaka kutazama. Tumia taa 2, kushoto na kulia, kila moja ikiwa na mwinamo wa nyuzi 45 hivi, na uzizibe kwa karatasi nyembamba nyeupe au plastiki ya maziwa ili mwanga utawanyike. Karatasi isiguse balbu inayopata moto. Anayetumia mkono wa kulia aweke taa yenye nguvu zaidi kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Taa ya duara inayofungwa kwenye hadubini ni rahisi na haina kivuli, lakini ubovu wake ni huohuo: haina kivuli. Bila kivuli huoni kama mguu umeinuka juu ya pedi, yaani kipande cha chuma kwenye bodi ambapo mguu hulehemiwa. Wakati wa kukagua, izime na uwashe taa moja ya pembeni iliyolala chini. Wanaokagua bodi nyingi hufunga vichujio viwili vya polaraizi, kimoja kwenye taa na kingine kwenye lenzi, na kukizungusha kimoja hadi mng'ao ufe.

Lenzi ya taa ya meza, lenzi za kichwani, au miwani yenye darubini ndogo: ipi bora?

Kwanza elewa namba zinazoandikwa, maana nyingi zinadanganya. Ukuzaji wa lenzi moja ni dayopta zake kugawa kwa 4, na wauzaji wengi huongeza 1 juu yake. Kwa hesabu hiyo taa yenye lenzi ya dayopta 3 huuzwa kama mara 1.75, ya dayopta 5 kama mara 2.25, ya dayopta 8 kama mara 3. Ukiona lenzi moja kubwa ya plastiki imeandikwa mara 20, iache hapo ilipo.

Taa ya meza yenye lenzi ni nzuri kwa kulehemu waya, plagi na vijenzi vya miguu ya kupita kwenye tundu. Kwa vijenzi vidogo zaidi haifai, kwani ukisogeza kichwa picha inapotea, na ukingo wa lenzi unagonga mkono.

Lenzi za kichwani ndizo tunazopendekeza kwa anayeanza. Zinakwenda na kichwa chako, macho yote mawili yanatumika, na huvaliwa juu ya miwani ya kawaida. Umbali nao hupungua nguvu ikipanda: ya mara 2 hufanya kazi kwa sentimita 25, ya mara 2.5 kwa sentimita 20, ya mara 3.5 kwa sentimita 10. Hiyo ya mwisho ni mtego. Sentimita 10 maana yake pua yako iko ndani ya moshi wa flaksi na paji la uso karibu na chuma chenye nyuzi joto 350. Ishia mara 2.5. Nunua yenye lenzi za kioo, kwa sababu za plastiki hukwaruzwa na kitambaa chenyewe cha kusafishia.

Miwani yenye darubini ndogo, kama ya madaktari wa meno, inakupa mara 2.5 hadi 3.5 ukiwa umekaa wima sentimita 35 hadi 45 kutoka kwenye kazi. Kwa mwili wako hiyo ndiyo bora kuliko zote. Bei yake ni kubwa kwa sababu nzuri hutengenezwa kwa vipimo vya uso wako.

Lenzi ya jicho moja, ile ya fundi saa, tumia kukagulia tu. Jicho moja halikupi kina, nawe unahitaji kujua ncha iko milimita ngapi juu ya pedi.

Ukuzaji wa kiasi gani unatosha?

IPC-A-610 inaufunga ukuzaji kwenye upana wa pedi. Pedi pana kuliko milimita 1: mara 1.5 hadi 3. Kati ya milimita 0.5 na 1: mara 3 hadi 7.5. Kati ya 0.25 na 0.5: mara 7.5 hadi 10. Chini ya 0.25: mara 20. Hizo ni za kukagua. Kulehemu huhitaji pungufu. Kwa vijenzi halisi, rezista ya 0805 (milimita 2.0 kwa 1.25) na IC yenye miguu iliyoachana milimita 1.27 zinafanyika vizuri kwa lenzi za kichwani za mara 2. Ya 0603 (1.6 kwa 0.8) inataka mara 2.5 na mwanga mzuri. Ukifika 0402 (1.0 kwa 0.5), au miguu iliyoachana milimita 0.5, hamia hadubini.

Kuongeza ukuzaji kuna gharama: uwanja wa kuona unapungua, kina kinapungua, mwanga unapungua. Fundi anayelehemu kwa mara 20 hupotea njia kati ya pedi mbili.

Hadubini ya aina gani, na niipangeje?

Nunua hadubini ya macho mawili yenye picha ya kina, ya kuvuta kutoka 0.7 hadi 4.5, pamoja na lenzi za jicho, zile unazochungulia, za mara 10. Hiyo inakupa mara 7 hadi 45. Ongeza lenzi ya Barlow ya 0.5, yaani lenzi ya ziada inayofungwa chini yake, na usiihesabu kama pambo. Bila hiyo, nafasi kati ya hadubini na bodi ni takriban milimita 100, na chuma cha kulehemia hakipiti bila kugonga. Ukiifunga, nafasi inapita milimita 150 na ukuzaji unakuwa mara 3.5 hadi 22.5, ambao ndio unaouhitaji hasa. Uwanja wa kuona unapatikana kwa kugawa namba ya uwanja iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, mara nyingi 20, kwa ukuzaji wa lenzi ya chini: 20 kugawa kwa 0.7 ni kama milimita 28.6. Ukiwa na Barlow ni kama 57. Barlow pia inaikinga lenzi yenyewe na moshi wa flaksi, ambao huganda juu ya kioo na kukifanya ukungu. Kusafisha Barlow ni rahisi kuliko kusafisha hadubini.

Ipange hivi. Rekebisha upana wa lenzi za jicho hadi uone duara moja badala ya mawili. Weka pete za dayopta kwenye sifuri. Vuta hadi ukuzaji wa juu kabisa na utafute ukali wa picha kwa gurudumu. Kisha shusha hadi ukuzaji wa chini kabisa na, bila kugusa gurudumu, rekebisha pete ya kila jicho peke yake huku jicho jingine limefumbwa. Rudia mara moja zaidi. Baada ya hapo unaweza kuvuta juu na chini bila picha kupoteza ukali. Wengi wanaosema hadubini inawaumiza kichwa hawajawahi kufanya hatua hii.

Zuri zaidi ni kwamba hadubini iliyopangwa vizuri hutoa picha kana kwamba iko mbali sana, na lenzi yako iliyokakamaa haina kazi ya kufanya. Ndiyo maana mtu wa miaka 65 anaweza kuona kupitia hadubini vizuri sawa na kijana. Ivue miwani ya kusomea. Mwenye astigmatizimu kubwa abaki na miwani yake ya mbali, achague lenzi za jicho zinazoruhusu kutazama kwa umbali zaidi, na akunje vikombe vya mpira.

Kama unataka tundu la tatu la kamera, angalia kama ukifungua kamera jicho moja linakuwa giza. Kwenye miundo mingine swichi huchukua mwanga wote wa jicho moja. Ukilehemu katika hali hiyo umepoteza kina.

Si bora kamera na skrini?

Kwa kukagua, kupiga picha na kumwonyesha mteja, ndiyo. Shingo inabaki wima, na macho yanatazama sentimita 60, ambako miwani ya +1.50 inatosha. Kwa kulehemu kuna matatizo mawili. Skrini haina kina, kwa hiyo ncha unaiona juu ya pedi ilhali bado inaelea. Na picha huchelewa kidogo. Kuchelewa huko kukizidi, mkono unapita mahali ulipokusudia. Kamera inayounganishwa moja kwa moja na skrini kwa HDMI huchelewa kidogo kuliko ile ya USB inayopita kwenye kompyuta, na ile isiyo na waya usiitumie kabisa kulehemu. Weka skrini mbele yako, nyuma ya bodi, na uhakikishe mkono ukienda kulia, kwenye skrini nao unakwenda kulia.

Chini ya hadubini mkono wangu unatetemeka vibaya.

Ulikuwa ukitetemeka hivyo siku zote, sasa tu unauona. Weka vipande vya mbao vyenye kimo sawa na bodi pande zote mbili, na kiganja kilale juu yake hadi kwenye kidole kidogo. Vidole vitatu tu ndivyo viende. Bodi ifungwe imara kwenye kishikio chake. Ingiza ncha ukiwa kwenye ukuzaji wa chini, ipate pedi, ndipo uvute. Na shika chuma karibu na ncha. Vyuma virefu vya kizamani, ambavyo mkono unakuwa sentimita 8 au zaidi kutoka kwenye ncha, havifai kazi hii hata kwa mwenye macho ya tai.

Je, kuna namna ya kulehemu inayotegemea macho kidogo?

Ipo, na hapa ndipo fundi mzoefu anapopata nafuu kubwa kuliko kwenye lenzi yoyote. Siri ni kuiachia lehemu iliyoyeyuka kazi yake. Mvuto wa uso wake huivuta kwenye chuma na kuiondoa kwenye rangi ya kijani ya bodi, mradi kuna flaksi ya kutosha. Bila flaksi haiendi popote, nawe unabaki ukiisukuma kwa macho.

Kwa IC ya miguu mingi, lehemu kwanza miguu miwili ya kona zilizotazamana na uhakikishe zote zimekaa juu ya pedi zake. Hatua hiyo ndiyo pekee inayohitaji ukuzaji mkubwa. Paka flaksi ya jeli kwenye mstari mzima. Tumia ncha pana ya mshazari ya milimita 2 hadi 3, au yenye kikombe kidogo, iwe na tone dogo la lehemu, na uiburuze polepole kando ya miguu. Lehemu yenye risasi ya 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183, weka chuma 320 hadi 340. Isiyo na risasi aina ya SAC305 huyeyuka 217 hadi 220, weka 350 hadi 370. Shoti ikitokea kwenye miguu ya mwisho, usiongeze lehemu. Ongeza flaksi, safisha ncha, na uivute kuelekea nje. Ikikataa, tumia utambi wa shaba wa kunyonya lehemu, wa milimita 1.5 hadi 2.

Kwa rezista na kapasita, weka lehemu kidogo kwenye pedi moja tu. Shika kijenzi kwa kibano, yeyusha pedi hiyo, sukuma kijenzi mahali pake, acha igande. Lehemu upande wa pili, kisha rudi wa kwanza na uuguse tena kwa flaksi. Waya uwe wa milimita 0.5 au chini. Ule wa milimita 1 huachia lehemu nyingi kabla jicho halijatambua.

Ukiwa na bodi mpya yenye vijenzi vingi, achana na chuma. Paka pesti ya lehemu kupitia stensili (bamba lenye matundu mahali pa pedi) ya unene wa milimita 0.1 hadi 0.12, pandisha vijenzi, na uchome kwa sahani ya moto au hewa moto. Kijenzi kilichokaa kombo kidogo hujivuta chenyewe katikati pesti inapoyeyuka. Kikisimama wima upande mmoja, sababu ni pedi moja kuyeyuka kabla ya nyingine: ama pesti haikuwa sawa, ama joto lilitoka upande mmoja. Pesti yenye bismuthi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138, ni rahisi kwa kazi hii, lakini usiichanganye na lehemu ya zamani yenye risasi. Mchanganyiko wa bati, risasi na bismuthi unaweza kuyeyuka kwa nyuzi 96 hivi, na kiungio kikaachia kifaa kikipata moto.

Nitajuaje kiungio ni kizuri kama sikioni vizuri?

Kwanza usitegemee mng'ao. Lehemu isiyo na risasi huganda ikiwa na chembechembe na ufifi hata ikiwa nzuri kabisa. Tazama ukingo: lehemu iliyoshika hupanda mguu kwa mteremko na kuishia nyembamba, isiyoshika hukaa mviringo na ukingo wake unajikunja ndani.

Kisha multimita. Kutafuta shoti, pima kati ya kila mguu na jirani yake, na ulinganishe na mchoro, maana baadhi ya miguu imeunganishwa makusudi. Kutafuta mguu usioshika kuna mtego: ukibonyeza sindano juu ya mguu, unausukuma ukaguse pedi, na multimita inalia kana kwamba kila kitu ni sawa. Weka sindano kwenye njia ya shaba mbali na mguu. Tumia hali ya diodi, sindano nyekundu kwenye grandi na nyeusi kwenye njia hiyo. Miguu mingi ya mawimbi ya IC itasoma kati ya volti 0.3 na 0.7. Mguu mmoja ukisoma wazi huku majirani wote wanasoma, tazama hapo kwanza. Bodi isiwe na umeme, na kapasita zake ziwe zimeisha chaji.

Maandishi juu ya IC na rangi za rezista sizisomi tena.

Maandishi ya leza yanasomeka kwa mwanga unaolala, nyuzi 10 hadi 20 kutoka juu ya kijenzi, taa zote nyingine zimezimwa. Futa kwanza kwa spiriti ya isopropili. Yakigoma, paka chaki nyeupe na uifute kwa kidole. Unga hubaki kwenye mikwaruzo. Au piga picha kwa simu na uikuze. Rezista usizisome, zipime, na uzipime kabla hujazilehemu.

Macho yanawasha na kukauka jioni.

Ukikaza macho kwenye kitu kidogo unapepesa kwa nadra, na moshi wa flaksi ya gundi ya msonobari huwasha macho na njia ya hewa. Moshi huo pia unaweza kusababisha pumu ya kazini, kwa hiyo kifyonza moshi hakihusu macho peke yake. Kiweke kifyonze kutoka upande; feni inayopuliza usoni huzidisha ukavu. Kila dakika 20 hivi inua macho, tazama mbali, pepesa.

Naenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nimwambie nini daktari?

Mwambie umbali wako wa kazi kwa sentimita, kabla hajachagua lenzi. Lenzi ya kawaida inayowekwa ina umbali mmoja tu, na haitatuna. Ikiwekwa ya kuona mbali, utahitaji miwani kwa kazi zote za mezani. Ikilengwa kukuacha na −2.50, utaona bodi kwa sentimita 40 bila kitu na utavaa miwani barabarani. Lenzi za umbali mwingi hupunguza utofauti wa mwanga na giza na kuleta duara kuzunguka taa. Kwa anayetazama lehemu inayong'aa, zijadili kwa makini kabla ya kukubali.

Siku nyingine naona vizuri, siku nyingine vibaya.

Pima sukari. Sukari ya damu ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo. Usitengeneze miwani mpya hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa.

Ni dalili zipi hazingoji?

Vimulimuli vya ghafla, madoa mengi mapya yanayoelea, au pazia linalofunika upande mmoja: nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda retina inabanduka. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa: vilevile. Njia za shaba zilizonyooka zikianza kuonekana zimepinda, fumba jicho moja moja ujue ni lipi, na umwone daktari wa macho mapema. Glakoma ya kawaida haina dalili hadi imekula sehemu ya uwezo wa kuona, kwa hiyo baada ya miaka 40 kipimo cha macho kihusishe presha ya jicho, si namba ya miwani tu.

Lenzi za kichwani zinatosha kukinga macho?

Hapana. Zimeacha wazi pembeni na chini, na vipande vya miguu iliyokatwa huruka kutoka chini. Vaa miwani ya usalama ndani yake, na unapokata mguu ushike kwa kidole.

Lenzi ya taa ya meza isafishweje?

Pulizia vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Spiriti huharibu baadhi ya lenzi za plastiki. Ukimaliza kazi ifunike, hasa kama meza iko karibu na dirisha: jua likipita kwenye lenzi hiyo linaweza kuwasha moto karatasi iliyoachwa mezani.